Zabuni ndogo za serikali: jina lako liko kwenye orodha?

Wafanyabiashara wengi wa Masinga hutafuta zabuni za serikali magazetini. Mtu asipoona tangazo, huamini kwamba serikali haijanunua kitu wiki hiyo, ama kwamba imenunua kisirisiri. Ukweli ni kwamba nyingi za kazi anazoziweza mwenye duka wa Ekalakala, seremala wa Kithyoko au kikundi cha akina mama wa Kivaa hazihitaji kutangazwa gazetini. Hupitia barua ya kuomba bei, inayotumwa kwa watu ambao majina yao tayari yako kwenye orodha ya ofisi inayonunua. Kama jina lako halimo, barua haitakufikia, hata kama duka lako linatazamana na ofisi hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuingia kwenye orodha, unachopaswa kufanya barua ikifika, na jambo linalowaumiza wafanyabiashara wadogo kuliko hata kukosa zabuni, yaani kupeleka bidhaa kisha kukaa miezi bila kulipwa.

Ni kiasi gani kinachoitwa kidogo?

Msingi wa yote ni Kifungu cha 227 cha Katiba ya 2010, kinachotaka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Chini yake kuna Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, na kanuni zake za mwaka wa 2020. Sheria ni hiyo hiyo iwe anayenunua ni idara ya kaunti, hazina ya NG-CDF, KenGen inayozalisha umeme katika bwawa la Masinga, shirika la maji la Tanathi, au shule ya umma iliyo karibu nawe. Hiyo ya mwisho husahaulika. Shule inayonunua maharagwe, ndengu, kuni na madaftari inatumia pesa za umma, na kwa mkulima au mwenye duka wa Ndithini huenda ikawa mteja wa karibu kuliko makao makuu ya kaunti mjini Machakos.

Kanuni za 2020 zinaweka ngazi kulingana na pesa. Ngazi ya chini kabisa ni ununuzi wa thamani ndogo. Ofisi inaweza kununua moja kwa moja dukani, bila kuita washindani, bidhaa au huduma isiyozidi Sh50,000, ama kazi ya ujenzi na ukarabati isiyozidi Sh100,000. Kiwango hicho ni cha kila aina ya kitu kwa mwaka mzima wa fedha, unaoanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kwa hivyo ofisi haiwezi kununua karatasi za Sh50,000 Jumatatu, kisha nyingine za Sh50,000 Alhamisi.

Ngazi inayofuata ndiyo hasa tunayoizungumzia: ombi la bei, ama kotesheni kama wengi tunavyoiita. Hutumika kwa bidhaa na huduma hadi Sh3 milioni, na kwa ujenzi hadi Sh5 milioni. Ndani ya viwango hivyo kuna madawati ya shule za chekechea, vyakula vya mikutano, usafi wa ofisi, kupaka rangi zahanati, kukarabati choo cha soko na kutengeneza uzio wa kisima. Ofisi ikitaka kutumia zaidi ya hapo, kwa kawaida italazimika kutangaza zabuni ya wazi.

Kuna ofisi zinazoweza kujaribiwa kuikata kazi kubwa vipande vipande ili kila kipande kiangukie kwenye kotesheni. Kifungu cha 54 cha sheria kinakataza jambo hilo waziwazi. Viti vya Sh6 milioni haviwezi kugeuzwa kuwa maombi mawili ya Sh3 milioni ili kukwepa tangazo. Hata hivyo, kanuni zinaruhusu kazi igawanywe katika mafungu madogo pale lengo linapokuwa kuwawezesha vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu kushindana. Tofauti iko kwenye nia: mafungu ya namna hiyo hutayarishwa katika mpango wa ununuzi wa mwaka, nayo yanaongeza washindani, hayawapunguzi.

Kuingia kwenye orodha

Kila ofisi ya umma inatakiwa kuwa na orodha ya wauzaji waliosajiliwa, iliyogawanywa kwa aina ya bidhaa, huduma na kazi. Sheria inataka orodha hiyo iwe inaongezwa na kusahihishwa mara kwa mara, si kufungwa na kusahaulika. Kwa kawaida ofisi hutoa mwaliko wa usajili kwenye tovuti yake na kwenye ubao wa matangazo, lakini huna haja ya kusubiri mwaliko ndipo uulize. Andika barua kwa mkuu wa kitengo cha ununuzi, taja kategoria unazotaka, ambatisha vyeti, na uhakikishe nakala yako imepigwa mhuri wa kupokelewa. Kila ofisi ina orodha yake. Aliye kwenye orodha ya kaunti hayuko kwenye ile ya KenGen wala ya shule.

Chagua kategoria chache unazozimudu. Nimewahi kuona fomu ya usajili ambayo mtu mmoja ametia tiki kila kisanduku, kuanzia dawa za hospitali hadi matairi. Afisa wa ununuzi akiona hivyo hana njia ya kujua mtu huyo anafanya biashara gani, na barua ikimfikia kwa kitu asicho nacho atashindwa kujibu.

Vyeti vinavyoulizwa si siri: kitambulisho, cheti cha usajili wa jina la biashara au kampuni, PIN ya KRA, leseni ya biashara ya kaunti, akaunti ya benki iliyo kwa jina la biashara, na cheti cha KRA kinachothibitisha kwamba umetimiza wajibu wako wa kodi. Kampuni huulizwa pia hati ya CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Wa ujenzi lazima wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambako daraja la nane ndilo la chini kabisa na ndilo wengi huanzia.

Cheti cha kodi ndicho huwakwamisha wengi. Hakilipiwi, hutolewa kupitia iTax na hudumu miezi 12. Lakini KRA haitakupa kama hujawasilisha ripoti ya mapato ya kila mwaka, ambayo makataa yake ni Juni 30, hata kama mwaka huo hukupata chochote. Kijana aliyefungua PIN ili apate kazi ama mkopo wa masomo kisha akaisahau, hukuta faini ya Sh2,000 kwa kila mwaka alioruka. Ni afadhali kumaliza jambo hilo leo kuliko siku mbili kabla ya kotesheni kufungwa.

Asilimia 30 na asilimia 20

Sheria inazitaka ofisi zote za umma kutenga angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa biashara za wanawake, vijana na watu wanaoishi na ulemavu. Mpango huo hujulikana kama AGPO na ulizinduliwa Oktoba 2013. Ili kupata cheti, kundi linalolengwa lazima limiliki angalau asilimia 70 ya biashara, na uongozi wote uwe wa kundi hilo. Vijana ni wa miaka 18 hadi 35. Mwenye ulemavu anahitaji kuwa amesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili wa AGPO ni bure, unafanywa mtandaoni, na asiye na intaneti anaweza kusaidiwa Huduma Centre mjini Machakos. Cheti hudumu miaka miwili.

Faida yake si kutengewa nafasi pekee. Katika zabuni zilizotengewa makundi haya, ofisi hairuhusiwi kudai dhamana ya zabuni kutoka benki. Mzabuni hujaza na kutia sahihi fomu ya tamko badala yake. Kwa kikundi kisicho na shamba la kuweka rehani, kifungu hicho kina uzito kuliko hotuba nyingi.

Zaidi ya hapo, Kifungu cha 33 kinaipa hazina ya kaunti jukumu la kuhakikisha kwamba angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti imetengewa wakazi wa kaunti hiyo. Mfanyabiashara wa Masinga ana haki ya kuuliza jinsi asilimia hiyo inavyotimizwa, nasi tunaohudumu katika kaunti tuna wajibu wa kumjibu.

Kuna wanaotembea na cheti cha AGPO cha mtu mwingine. Mwenye kampuni kubwa humpa kijana Sh10,000, hutumia jina lake kushinda zabuni, kisha humtoa. Kijana akidhani amepata pesa za bure, ajue kwamba jina lililo kwenye mkataba ni lake. Kazi ikiharibika au ikigunduliwa kuna udanganyifu, anayeweza kuzuiwa kushiriki zabuni za umma kwa muda usiopungua miaka mitatu ni yeye. Makosa ya ulaghai chini ya sheria hii yana adhabu ya faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Barua ya kotesheni ikifika

Ofisi inatakiwa kutuma ombi la bei kwa watu wasiopungua watatu waliosajiliwa, isipokuwa pale ambapo haiwezekani, na kuwapa muda wa kutosha kujibu. Anayeshinda ni aliyetoa bei ya chini kabisa miongoni mwa waliotimiza masharti. Maneno hayo ya mwisho ndiyo muhimu. Bei ya chini ya mtu aliyesahau cheti haishindi.

Soma ukurasa wa masharti kabla ya kugusa ukurasa wa bei. Kama wanataka dawati la mbao ngumu lenye chuma cha unene fulani, toa bei ya dawati hilo, si ya lile unalotengeneza kila siku. Panga nakala za vyeti kwa mfuatano ulioorodheshwa. Kwa zabuni, sheria inataka kila ukurasa uwe na nambari kwa mfululizo, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wapo wanaotolewa kwenye mchujo wa kwanza kwa sababu ya kuruka viambatisho. Tia sahihi na mhuri kila mahali palipoombwa. Kisha piga hesabu upya. Bei utakayoandika kwenye fomu ya zabuni, itakayosomwa wakati wa kufungua, ndiyo utakayofungwa nayo. Sifuri iliyokosekana ni hasara yako.

Peleka bahasha mapema. Kutoka Masinga hadi mjini Machakos ni safari ndefu, na bahasha iliyochelewa kwa dakika tano hairuhusiwi kupokelewa, hata ukieleza kwamba matatu iliharibika Matuu. Katika zabuni iliyotangazwa una haki ya kuhudhuria ufunguzi, unaofanywa mara tu muda unapokwisha, ambapo majina na bei husomwa kwa sauti. Enda. Hata ukishindwa, utarudi nyumbani ukijua wenzako wanauza kwa bei gani.

Jambo lingine: sheria inazuia ofisi ya umma kufanya mkataba na mfanyakazi wake au na jamaa zake wa karibu. Kama dada yako anafanya kazi katika idara inayonunua, sema mapema. Nayo ofisi inaongozwa na bei halisi ya sokoni, kwa hivyo usipandishe bei ya mchele maradufu kwa kuwa mnunuzi ni serikali.

Bila LPO, usipakie gari

Ukishinda, ofisi itakutumia LPO, yaani agizo la ununuzi lenye nambari, idadi, bei na sahihi, nawe utathibitisha kwa maandishi kwamba umelipokea. Kwa zabuni kubwa kutakuwa na mkataba, na sheria inasema hakuna mkataba hadi pande zote mbili zitie sahihi. Simu ya afisa si mkataba. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "leta tu, karatasi zitafuata" si LPO, hata kama umetoka kwa mtu mnayesali naye kanisa moja.

Tunasisitiza hili kwa sababu ya hesabu. Tuseme kikundi cha useremala kimepewa kazi ya madawati ya Sh400,000. Mbao, chuma, mafundi na gari vimegharimu Sh360,000, kwa hivyo faida ni Sh40,000. Ili kuianza kazi, kikundi kilikopa Sh300,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, ambayo ni Sh4,500. Malipo yakifika mwezi wa kwanza, faida inabaki Sh35,500. Yakifika mwezi wa nane, riba imekula Sh36,000 na wanachama wanagawana Sh4,000. Na hiyo ni kama wana LPO. Wasipokuwa nayo, hawana hata cha kudai.

Madeni ya serikali za kaunti kwa wauzaji ni tatizo la nchi nzima, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo ziko wazi kwa umma, huyataja kaunti moja baada ya nyingine. Haitakuwa uaminifu kumwalika mtu kushindania zabuni bila kumwambia hilo. Sheria yenyewe inamkataza afisa anayehusika na matumizi kuanza ununuzi kabla ya kuhakikisha pesa zimo kwenye bajeti iliyoidhinishwa. Kwa hivyo una haki ya kuuliza, kabla ya kujaza bei, kama kazi hiyo imo kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka. Kuwa makini zaidi na maagizo ya Mei na Juni, wakati mwaka wa fedha unaelekea kufungwa. Malipo yasipokamilika kabla ya Juni 30, mara nyingi husubiri bajeti ya mwaka mwingine.

Bidhaa zikifika, hukaguliwa na kamati ya ukaguzi na upokeaji. Usiondoke bila nakala ya hati ya kupokelewa iliyotiwa sahihi. Peleka ankara siku hiyo hiyo, na ujiandae kuulizwa ankara ya eTIMS. Katika malipo, tangu mwishoni mwa 2024, muuzaji wa bidhaa kwa ofisi ya umma hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 0.5, ambayo ni Sh2,000 kwenye ile ankara ya Sh400,000. Weka cheti chake, kwa sababu kiasi hicho hutolewa kwenye kodi yako ya mwaka. Kuna pia tozo ya asilimia 0.03 ya mafunzo ya ununuzi, yaani Sh120.

Malipo yakichelewa, Kifungu cha 140 kinasema ofisi italipa riba kwa kiasi kilichopitisha muda, ila kama mkataba unasema vingine. Soma mkataba wako kabla ya kutia sahihi uone kama kipengele hicho kimeondolewa. Na kwa wasio na mtaji, Hazina ya Wanawake na Hazina ya Vijana zina mikopo inayotolewa kwa kutegemea LPO. Linganisha riba yake na ya benki au ya chama chenu kabla ya kukopa.

Ukishindwa

Ofisi inatakiwa kuwaarifu walioshindwa kwa maandishi, pamoja na sababu. Usipopewa sababu, iulize, kwa maandishi. Kumbukumbu za kila ununuzi huhifadhiwa kwa angalau miaka sita, na aliyeshiriki anaweza kuomba kuziona baada ya mkataba kutolewa. Anayeamini kwamba sheria imevunjwa ana siku 14 kupeleka malalamishi kwa Bodi ya Rufaa ya Ununuzi wa Umma jijini Nairobi, na bodi hutakiwa kuamua ndani ya siku 21. Rufaa hiyo ina ada, hivyo kwa kotesheni ya Sh200,000 huenda gharama ikazidi faida. Anayeitishwa hongo anaweza kupiga ripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, kwa nambari 1551 bila malipo.

Kuhusu mtandao: Hazina ya Kitaifa ilianza mwaka wa 2025 kuzitaka ofisi za umma kuhamia mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, e-GP, na mvutano kuhusu mfumo huo ulifika mahakamani. Kwa mfanyabiashara ushauri wetu ni mwepesi. Jisajili kwenye e-GP mapema, maana akaunti haifunguliwi kwa dakika tano siku ya mwisho, kisha kwa kila zabuni usome tangazo lenyewe uone kama linataka bahasha au linataka upakie mtandaoni. Zabuni zilizotangazwa na zilizotolewa huwekwa pia kwenye tenders.go.ke, ambako hulipi chochote kusoma.

Wakazi wa wadi za Kivaa, Masinga ya Kati, Ekalakala, Muthesya na Ndithini walio na maswali kuhusu orodha ya wauzaji wa kaunti wanaweza kuanzia kwa msimamizi wa wadi au ofisi ya kaunti ndogo. Beba nakala za vyeti vyako.